Jinsi historia ya mihadarati inavyoathiri kibali cha usalama Marekani

MNAMO Novemba 1987, Jaji Douglas Ginsburg alijiondoa katika uteuzi wa kujiunga na Mahakama ya Juu ya Marekani, siku chache tu baada ya jina lake kupendekezwa na Rais Ronald Reagan. Kilichomponza ni kufichuka kwamba aliwahi kuvuta bangi alipokuwa mwanafunzi na baadaye akiwa mhadhiri wa chuo kikuu.

Miaka 21 baadaye, Novemba 2008, Wamarekani walimchagua Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, kuwa rais wao. Katika kitabu chake, Dreams from My Father, kilichochapishwa mwaka 1995, Obama alikuwa amekiri waziwazi kwamba alitumia bangi na kokeini katika ujana wake. Ungamo hilo halikumzuia kuingia Ikulu ya White House.

Visa hivyo viwili vimewafanya wengi kuamini kwamba siku hizi serikali ya Marekani haijali tena iwapo mtu aliwahi kutumia mihadarati. Imani hiyo ni nusu tu ya ukweli. Rais huruhusiwa kuona siri za taifa kwa sababu ya kiti alichochaguliwa kukalia. Hajazi fomu wala hachunguzwi na makachero kabla ya kuapishwa, na hali ni hiyo hiyo kwa wabunge wa Congress.

Kwa watu wengine wengi, wakiwemo wanajeshi, mabalozi, wahandisi, wakalimani, wataalamu wa kompyuta na wafanyakazi wa kampuni zilizopewa kandarasi na Wizara ya Ulinzi, mambo ni tofauti. Zaidi ya watu milioni 4 nchini humo wana kibali cha usalama, na kila mmoja wao alilazimika kujibu maswali kuhusu mihadarati.

Utaratibu huo haumfungii mtu mlango kwa sababu tu kwamba aliwahi kutumia. Humfungia yule ambaye bado anatumia, na humtilia shaka kubwa zaidi yule anayeficha.

KIBALI NI NINI

Kibali cha usalama ni uamuzi wa serikali kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa kushika habari za siri. Habari hizo zimegawanywa katika ngazi tatu kulingana na ukubwa wa madhara yanayoweza kulifika taifa iwapo zitavuja. Ngazi ya juu kabisa, ile ya Siri Kuu, inahusu habari ambazo kuvuja kwake kunaweza kuleta madhara makubwa mno kwa usalama wa nchi.

Mtu hawezi kujiombea kibali mwenyewe. Ni lazima kwanza apate kazi inayokihitaji, kisha mwajiri wake amdhamini. Aidha, ni lazima awe raia wa Marekani. Agizo la Rais Bill Clinton la mwaka 1995 lilieleza kwamba vibali hutolewa kwa raia pekee, isipokuwa katika hali chache ambapo mgeni mwenye ujuzi wa pekee huruhusiwa kuona sehemu ndogo tu ya habari hizo.

Jambo jingine muhimu ni kwamba kibali si haki ya mtu yeyote. Mwaka 1988, katika kesi iliyohusu Jeshi la Wanamaji na mfanyakazi aliyeitwa Egan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hakuna mtu aliye na haki ya kupewa kibali, na kwamba panapokuwa na shaka, uamuzi unafaa kuegemea upande wa usalama wa taifa. Kwa hivyo, tofauti na kesi ya jinai ambapo serikali ndiyo hubeba mzigo wa kuthibitisha kosa, hapa anayeomba ndiye hatimaye hutakikana kuondoa shaka.

SHERIA ILIVYOBADILIKA

Mwaka 1953, Rais Dwight Eisenhower alitoa agizo lililoorodhesha mambo ambayo yangemfanya mtu asifae kufanya kazi katika afisi za serikali kuu. Miongoni mwayo kulikuwa na ulevi wa kupindukia na uraibu wa mihadarati. Mwaka 1986, Reagan alikwenda mbali zaidi kwa kuagiza kwamba wafanyakazi wote wa serikali kuu wajiepushe na mihadarati, wawe kazini au nje ya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bunge la Congress lilipitisha kifungu kilichofahamika kwa jina la Seneta Bob Smith wa New Hampshire. Kifungu hicho kiliizuia Wizara ya Ulinzi kumpa kibali mtu anayetumia mihadarati kinyume cha sheria, mraibu, au mtu aliyewahi kuhukumiwa na kufungwa jela zaidi ya mwaka mmoja.

Mwaka 2008, kifungu hicho kiliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na kingine kilichopewa jina la Seneta Kit Bond wa Missouri. Kifungu cha Bond kinahusu idara zote za serikali kuu, si Wizara ya Ulinzi pekee. Kinasema kwamba hakuna idara inayoweza kumpa kibali, au kumwongezea muda wa kibali, mtu ambaye kwa sasa anatumia dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria, au ambaye ni mraibu.

Neno la kuzingatiwa katika kifungu hicho ni “kwa sasa”. Sheria hiyo inamlenga anayetumia leo. Aliyetumia zamani akaacha hupimwa kwa vigezo vingine, ambavyo tangu Juni 2017 vimo katika agizo la Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa linalojulikana kama SEAD 4.

Agizo hilo lina vipengele 13 vinavyotumiwa kumpima kila mwombaji, kuanzia uaminifu wake kwa nchi, uhusiano wake na watu wa mataifa ya nje, madeni yake, unywaji wake wa pombe, hadi matumizi yake ya kompyuta. Kipengele cha nane, kinachotambulika kwa herufi H, ndicho kinachohusu mihadarati.

FOMU YA MASWALI

Safari ya kila mwombaji huanza kwa fomu ndefu iitwayo SF-86. Katika sehemu ya 23, mwombaji huulizwa iwapo katika muda wa miaka 7 iliyopita ametumia dawa yoyote inayodhibitiwa kinyume cha sheria, ameinunua, ameiuza, ameikuza au kuisafirisha. Huulizwa pia iwapo ametumia dawa za hospitali kinyume na alivyoagizwa na daktari, na iwapo amewahi kushauriwa au kuamriwa kupata tiba kwa sababu ya mihadarati.

Yapo maswali mengine yasiyo na kikomo cha miaka. Anayejaza ni lazima aeleze iwapo amewahi, wakati wowote maishani, kutumia mihadarati akiwa tayari ana kibali, au akiwa polisi, kiongozi wa mashtaka, afisa wa mahakama au mtu ambaye kazi yake inahusu moja kwa moja usalama wa umma.

Akijibu ndiyo, hutakiwa kutaja aina ya dawa, mara ya kwanza na ya mwisho kuitumia, ni mara ngapi, na iwapo ananuia kuitumia tena. Sehemu hiyo pia inatoa ahadi ambayo wengi hawaisomi kwa makini: majibu ya kweli kuhusu matumizi ya mihadarati hayatatumiwa kama ushahidi dhidi ya mwombaji katika kesi ya jinai baadaye. Serikali iliweka ahadi hiyo kwa kuwa inafahamu kuwa mtu mwenye hofu ya kushtakiwa hataisema kweli.

Baada ya fomu kuwasilishwa, wachunguzi huanza kazi. Uchunguzi mwingi hufanywa na idara ya Wizara ya Ulinzi iitwayo DCSA. Rekodi za polisi, mahakama na mikopo hukaguliwa. Kwa kazi za ngazi ya juu, wachunguzi huwahoji majirani, wafanyakazi wenza, marafiki wa chuo na hata waliokuwa wake au waume wa mwombaji. Mashirika ya ujasusi kama vile CIA na NSA humfunga mwombaji kwenye mashine ya kupima ukweli. Yaliyofichwa kwenye karatasi mara nyingi hujitokeza katika hatua hizo.

VIGEZO VINAVYOTUMIWA

Kipengele H kinataja sababu kadhaa za kutilia shaka. Miongoni mwazo ni matumizi yoyote mabaya ya dawa, kupatikana na mihadarati mwilini baada ya kupimwa, kumiliki au kuuza, kutambuliwa na mtaalamu kuwa mraibu, na kukosa kumaliza matibabu yaliyoagizwa. Uzito mkubwa hutiwa kwa mtu aliyetumia akiwa tayari ana kibali, kwa kuwa huyo alivunja masharti aliyoyafahamu vyema, na kwa anayesema wazi kwamba hana nia ya kuacha.

Baada ya hapo, agizo linataja mambo yanayoweza kuondoa shaka hiyo. La kwanza ni muda. Iwapo matumizi yalifanyika zamani, yalikuwa ya nadra, au yalitokea katika mazingira ambayo hayawezi kujirudia, uzito wake hupungua.

La pili ni mwenendo wa sasa. Mwombaji anayekiri makosa yake, aliyejitenga na marafiki wanaotumia na kuhama mazingira yaliyomvuta, husikizwa. Anaweza pia kutia sahihi taarifa ya maandishi kwamba ameacha kabisa, na kwamba akitumia tena kibali chake kifutwe.

La tatu linahusu wale waliozitumia vibaya dawa za hospitali walizopewa wakati wa ugonjwa mkali, kisha wakaacha walipopona. La nne ni kumaliza tiba ya uraibu bila kurudia, pamoja na maoni mazuri kutoka kwa mtaalamu wa afya aliyehitimu.

Hakuna mahali popote katika agizo hilo palipowekwa idadi kamili ya miezi au miaka ambayo mtu anapaswa kukaa bila kutumia. Maafisa wanaoamua hutakiwa kumtazama mtu kwa ukamilifu wake: alikuwa na umri gani, alitumia mara ngapi, alijua anachokifanya kwa kiasi gani, alishurutishwa au alipenda mwenyewe, na kuna uwezekano gani wa kurudia.

Mathalan, mtu aliyevuta bangi mara chache akiwa chuoni, akaacha alipohitimu miaka minne iliyopita na akayaeleza yote hayo katika fomu, ana nafasi nzuri. Aliyetumia kokeini wikendi kadhaa mwaka uliopita atakuwa na kibarua kigumu cha kumshawishi yeyote kwamba amebadilika. Naye aliyevuta bangi mara moja tu, lakini akiwa na kibali mfukoni, anaweza kujikuta taabani kuliko yule mwanafunzi.

UONGO HUZIDI KOSA LENYEWE

Wanaoomba kibali wengi hudhani kwamba njia salama ni kukana. Hapo ndipo huingia matatani. Kipengele kingine cha agizo hilo, chenye herufi E, kinahusu mwenendo binafsi, na kinataja kuficha ukweli kimakusudi katika fomu kama sababu ya kumnyima mtu kibali.

Mantiki yake si ngumu kuelewa. Kusudi la kibali ni kujua iwapo mtu anaweza kuaminiwa. Aliyevuta bangi miaka sita iliyopita anaweza kuonyesha kwamba hilo limepita. Aliyedanganya mwezi uliopita kuhusu bangi hiyo ameonyesha tabia yake ya leo. Isitoshe, siri anayoificha inaweza kugunduliwa na majasusi wa nchi adui na kutumiwa kumtisha. Siri ambayo mwajiri tayari anaijua haina nguvu hiyo.

Kisheria pia, kutoa taarifa ya uongo kwa serikali kuu ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 5 gerezani. Ile ahadi ya kutotumia majibu ya mwombaji dhidi yake inahusu majibu ya kweli tu.

Hata hivyo, agizo linampa nafasi aliyeteleza. Aliyedanganya katika fomu kisha akajitokeza mwenyewe mapema kurekebisha, kabla ya wachunguzi kumkabili na ushahidi, anaweza kusamehewa. Anayesubiri hadi abanwe huwa amechelewa.

MKANGANYIKO WA BANGI

Hakuna dawa inayowatatiza waombaji kama bangi. Colorado na Washington yalikuwa majimbo ya kwanza ambako wapigakura waliidhinisha matumizi yake ya starehe, mwaka 2012. Leo zaidi ya majimbo 20 yanaruhusu watu wazima kuinunua dukani, na mengine yanaikubali kama tiba.

Kibali cha usalama, hata hivyo, hutolewa chini ya sheria za serikali kuu. Sheria ya Dawa Zinazodhibitiwa ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Orodha ya Kwanza pamoja na heroini. Fomu ya SF-86 yenyewe inaeleza kwamba maswali yake yanafuata sheria ya serikali kuu hata pale jimbo linaporuhusu. Risiti ya duka la bangi la Denver au karata ya mgonjwa kutoka California si kinga.

Mnamo Mei 2024, Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi iondolewe katika Orodha ya Kwanza na kuwekwa katika ya Tatu. Hata kuhamishwa huko hakumwondolei mwombaji wajibu wake, kwa kuwa dawa za Orodha ya Tatu bado zinadhibitiwa na haziruhusiwi kutumiwa kwa starehe.

Wakuu wa ujasusi wamejaribu kutoa mwongozo mara mbili. Oktoba 2014, James Clapper, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, aliwakumbusha wafanyakazi wote kwamba mabadiliko ya sheria za majimbo hayakugusa masharti ya kibali. Desemba 2021, Avril Haines, aliyeshikilia wadhifa huo wakati huo, alifafanua kwamba matumizi ya bangi ya zamani yanaweza kuzingatiwa lakini pekee yake hayatoshi kuamua hatima ya mwombaji.

Waraka wa Haines uligusia mambo mengine mawili. La kwanza ni mafuta na bidhaa nyingine za CBD zinazotengenezwa kutokana na mmea wa bangi. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliruhusu zao lenye kiwango cha kilevi kisichozidi asilimia 0.3, lakini baadhi ya bidhaa huwa na kiwango cha juu kuliko kilichoandikwa kwenye chupa, na anayezitumia anaweza kupatikana na bangi mwilini akipimwa. La pili ni uwekezaji: mtu anayenunua kwa kujua hisa za kampuni inayokuza au kuuza bangi anaweza kutiliwa shaka, ilhali yule ambaye hisa hizo zimo ndani ya mfuko mpana wa uwekezaji asiousimamia hatarajiwi kulaumiwa.

Waraka huo pia ulizihimiza idara ziwashauri wanaotarajia kuajiriwa waache bangi kabisa kuanzia wakati uchunguzi unapoanza, yaani pale wanapotia sahihi fomu.

DAWA ZA NYUMBANI NA ZA HOSPITALI

Wengi husahau kwamba mihadarati haimaanishi bangi, kokeini na heroini pekee. Mwanafunzi anayekunywa vidonge vya Adderall vya mwenzake ili akeshe akisoma, au mke anayemeza vidonge vikali vya maumivu alivyoandikiwa mumewe, ametumia dawa inayodhibitiwa kinyume cha sheria. Maswali ya fomu yanayahusu pia matumizi ya aina hiyo.

Kwa upande mwingine, aliyetumia dawa hizo hizo kwa maagizo ya daktari wake na kwa kipimo alichopewa hana la kuungama.

KILA IDARA NA UKALI WAKE

Vigezo vya kibali ni sawa kwa serikali nzima, lakini idara ina uhuru wa kuweka masharti yake ya kuajiri. FBI ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi ilimtaka mwombaji awe hajatumia bangi kwa angalau miaka 3. Mwaka 2021 ilipunguza muda huo hadi mwaka 1, huku ikiacha sharti la miaka 10 kwa mihadarati mingine. Tayari mwaka 2014, James Comey aliyekuwa mkurugenzi wake alikuwa amekiri hadharani kwamba baadhi ya vijana wenye ujuzi wa kompyuta ambao shirika hilo liliwahitaji walikuwa wavutaji wa bangi.

Ikulu ya White House nayo ilijipata lawamani Machi 2021 ilipobainika kwamba watu watano walikuwa wamepoteza kazi baada ya mapitio yaliyohusu matumizi ya zamani ya mihadarati. Hilo lilitokea ijapokuwa afisi ya Rais Joe Biden ilikuwa imelegeza masharti kwa waliotumia bangi kwa kiasi kidogo. Wakosoaji walisema vijana kutoka majimbo yanayoruhusu bangi waliadhibiwa kwa kusema kweli.

Hata matajiri hawakusazwa. Mnamo Septemba 2018, Elon Musk alivuta bangi mbele ya kamera katika mahojiano jimboni California. Kampuni yake ya SpaceX ina kandarasi za serikali, na baadaye shirika la anga za juu NASA lilianzisha ukaguzi wa maadili ya kazi katika SpaceX na Boeing. Musk mwenyewe alisema miaka kadhaa baadaye kwamba alilazimika kupimwa mara kwa mara bila taarifa.

HATARI YA MAUNGAMO KUIBWA

Lipo jambo moja ambalo waombaji hawakuahidiwa kinga dhidi yake. Mwaka 2015, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta za afisi inayosimamia wafanyakazi wake na kuiba rekodi za uchunguzi zilizohusu watu milioni 21.5. Zilizoibwa ni pamoja na fomu za SF-86, ambamo watu walikuwa wameungama kuhusu mihadarati, madeni, magonjwa na ndoa zao.

Kwa walioathiriwa, ungamo walilolitoa ili wasiweze kutishwa na adui liliishia mikononi mwa wadukuzi hao. Hata hivyo, waliosema kweli walibaki na nafuu moja: hakukuwa na jambo katika fomu hizo ambalo mwajiri wao hakulijua.

AKINYIMWA AFANYEJE

Kunyimwa kibali si mwisho wa safari. Mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi ya Wizara ya Ulinzi hupewa kwanza taarifa ya maandishi inayoeleza sababu za shaka. Ana siku 20 za kujibu, na anaweza kuomba kusikizwa mbele ya jaji wa afisi ya rufaa ya wizara hiyo, iitwayo DOHA. Anaruhusiwa kuwa na wakili, kuita mashahidi na kuwasilisha hati kama vile matokeo ya vipimo na barua za wataalamu wa afya.

Maamuzi ya majaji hao huchapishwa bila majina ya wahusika, na yeyote anaweza kuyasoma ili kuona jinsi kesi zinazofanana na yake zilivyoamuliwa. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa, na kwa kawaida huruhusiwa kutuma ombi jipya baada ya mwaka 1. Anayepewa kibali naye hawezi kujisahau, kwa sababu siku hizi rekodi zake hukaguliwa mfululizo badala ya kusubiri miaka kadhaa kama ilivyokuwa zamani.

WAKENYA WANAHUSIKA VIPI

Kwa Wakenya walioko Marekani, hasa wanaojiunga na jeshi au kampuni za teknolojia, yapo mambo mawili ya kutahadhari nayo.

La kwanza ni miraa. Nchini Kenya, miraa ni zao halali linalolisha maelfu ya familia katika eneo la Nyambene, Meru, na kutafuna veve si kosa. Nchini Marekani, kemikali ya kathinoni iliyomo katika majani mabichi imekuwa katika Orodha ya Kwanza tangu 1993. Sheria za jeshi la Marekani nazo humfuata mwanajeshi popote aendapo duniani, na zinakataza kutumia dawa yoyote iliyo katika orodha hizo. Mwanajeshi anayerudi nyumbani likizoni na kutafuna miraa na marafiki huko Maua anaweza kuhatarisha kazi na kibali chake kwa jambo ambalo wenzake wanaliona kama kunywa chai.

La pili ni fomu ya uraia. Mgeni mwenye kadi ya kijani anaweza kuandikishwa jeshini, lakini hawezi kupata kibali hadi awe raia. Katika fomu ya kuomba uraia, iitwayo N-400, huulizwa iwapo amewahi kutenda kosa lolote ambalo hakukamatwa kwa ajili yake. Swali hilo halina kikomo cha miaka 7. Aprili 2019, idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba mtu anayetumia bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, anaweza kuhesabiwa kuwa hana maadili mema yanayohitajika kupata uraia.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu aliyejibu “la” katika fomu ya uraia, kisha miaka mitatu baadaye akakiri katika SF-86 kwamba alikuwa akivuta bangi wakati huo, ameipa serikali hati mbili zinazopingana. Sheria ya Marekani inaruhusu uraia uliopatikana kwa kuficha jambo muhimu kubatilishwa kupitia kesi ya madai, na ahadi iliyomo katika SF-86 inahusu kesi za jinai.

Hali ni nyeti zaidi kwa asiye raia, kwa kuwa kukiri kosa la mihadarati mbele ya afisa wa uhamiaji kunaweza kumfanya azuiwe kuingia tena nchini humo baada ya safari. Ndiyo maana anapaswa kumwona wakili wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi fomu yoyote. Kutafuta ushauri kabla ya kujibu si udanganyifu. Kujibu uongo ndiko kunakoadhibiwa.

Anayenuia kuomba kazi inayohitaji kibali anafaa kuanza maandalizi mapema: kuacha matumizi yote, kuandika tarehe na mazingira ya yaliyopita akiwa bado anayakumbuka, kuhifadhi nakala ya kila fomu aliyowahi kuijaza, na kuhakikisha kwamba maelezo yake yanalingana katika zote. Wachunguzi wanapobisha hodi kwa jirani au kwa rafiki wa chuo, watakuwa na nakala ya majibu yake mkononi.